Kukaza sana sio kukaza vizuri

Leo hakuna video. Nilijaribu kuikata hii stori iwe ya sekunde tisini ikakataa, kwa hivyo weka chai usome pole pole. Ni stori ya nati moja tu, ile ya kumwagia oili chini ya giaboksi ya Peugeot 504. Lakini msimamo wangu nautoa mapema ndio usiseme nilikuzungusha: vitu vingi vinavyoharibikia mikononi mwa vijana wa gereji hapa mtaani vinaharibiwa na woga kuliko uzembe. Na huo woga kuna mtu aliwafundisha.

Kwa wageni wa huu ukurasa: mimi ni wa Kibera. Nilienda chuo kusomea uhandisi wa mitambo, nikatoka mwaka wa pili karo ilipokwama. Siku hizi natengeneza video za mafundi, wengi wao wa Kibera na Kawangware, na mara moja moja nashuka hadi Gikomba na Kirinyaga Road. Sio makanika, msinitumie picha za injini mkitaka ushauri. Kazi yangu ni kushika simu, kushika tochi, na kuuliza maswali hadi nifukuzwe.

Sasa, gari yenyewe. Ni ya Mzee mmoja wa upande wa Makina. Kama unaishi pale unaijua, na kama huishi pale haina haja nikuambie ni nyumba gani. Ni 504 nyeupe, ya zamani kuniliko, na ina kazi zaidi ya mashuke ya harusi. Harusi inabeba, kweli. Matanga inabeba pia. Lakini kazi yake kubwa ni ya usiku. Mama akishikwa na uchungu saa nane, ama mtoto akianza kukosa pumzi, watu hawaanzi kutafuta namba ya ambulensi. Wanabisha kwa Mzee. Anatoka na kikoi chake, anawasha gari, mnaenda. Hajawahi kuitisha mtu pesa ya mafuta mbele ya mgonjwa.

Kwa hivyo hiyo gari ikilala, sio Mzee peke yake anayelala bila usafiri.

Wadogo wangu mnaojua tu gari za juzi, ngojeni niwape historia kidogo. 504 ilitoka mwaka wa 1968, na 1969 ikapewa taji la Gari la Mwaka huko Ulaya. Ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Hapa kwetu zilikuwa zinaunganishwa Mombasa. Waulize wazazi wako walikuwa wanaenda ushago na nini, na kuna uwezekano mkubwa watakuambia tu "Peugeot", ile ndefu ya viti vitatu nyuma, watu wamebanana kama njugu kwa gazeti. Leo sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane. Maana yake ni kwamba karibu kila 504 unayoiona barabarani imekuwa hapa siku nyingi, na spea zake nyingi unazitafuta kwa chuma chakavu. Ukiua giaboksi, hakuna duka la kuingia uitishe nyingine kama unaitisha mkate.

Turudi kwa nati. Mzee alipeleka gari ibadilishwe oili kwenye gereji moja ya hapa Kibera. Jina silitaji, na msiniulize inbox. Wiki tatu baadaye akaona doa jeusi pale anapoegesha. Akaweka gazeti chini, asubuhi likawa limelowa. Akarudi gereji. Mwenye gereji akalala chini, akaishika ile nati, ikazunguka. Akazungusha tena, ikazunguka tu. Haikazi wala haifunguki vizuri, inacheza kama jino la mtoto.

Thredi zimeisha. Zile nyuzi zinazozunguka ndani ya tundu, ambazo nati huzishika, zimelika.

Mwenye gereji akasema giaboksi imekufa, itafutwe nyingine, na kwa makadirio yake ni shilingi 35,000. Halafu akamgeukia kijana wake wa spana, wa miaka kumi na tisa, akasema huyu ndiye aliyekaza na huyu ndiye atakayelipa. Huyo kijana siku nzuri anaenda nyumbani na shilingi mia tatu. Piga hesabu mwenyewe, na usisahau kwamba lazima ale.

Mzee hakupandisha sauti. Alinipigia akaniuliza, "Mjukuu, wewe huwa unazunguka na mafundi. Kuna mmoja anayeweza kuangalia hii kitu kabla hatujamkata kijana wa watu?" Nikamwambia yuko mmoja Kawangware. Mzee akasema sawa, lakini kijana lazima aende na sisi.

Huyo fundi wa Kawangware ni mtu wa makamo, alijifunzia kazi gereji za Industrial Area, na haongei kama hajaulizwa. Kwa simu aliuliza kitu kimoja: inavuja matone ama inamwagika? Tukamwambia matone. Akasema ijazwe oili hadi kiwango chake, iendeshwe polepole, na tubebe chupa ya ziada. Tukashika Ngong Road hadi Dagoretti Corner, tukakata Naivasha Road, na kijana amekaa nyuma kimya kama anapelekwa kituo cha polisi.

Somo la kwanza lilikuja kabla hata fundi hajagusa ile nati mbovu. Alianza na nati ya juu, ile ya kujazia, iliyo ubavuni mwa giaboksi. Akahakikisha inafunguka. Nikamuuliza kwa nini anaanza juu na shida iko chini. Akanijibu, "Ukimwaga oili yote halafu ugundue ya juu imegoma, utarudisha oili wapi?" Ni kitu rahisi hadi kinaudhi, lakini nimeulizia mafundi wengine tangu hapo, na wengi wamewahi kuona gari imekwama hivyo.

Halafu akafungua ile ya chini. Hakutumia spana, aliitoa kwa vidole. Na imejiviringisha kitu kama springi nyembamba ya fedha. Akaitoa akampa Mzee mkononi. Hiyo springi ndiyo ilikuwa thredi. Nati ni ya chuma cha pua, ngozi ya giaboksi ni ya aluminiamu. Chuma kikipigana na aluminiamu unajua nani analala. Nati ilikuwa nzima kabisa, haina hata kovu. Tundu ndilo limenyolewa.

Akamgeukia kijana. Sote tukajua swali linalokuja, lakini aliuliza tofauti. Hakusema "kwa nini uliharibu". Alisema, "Ulikaza na nini?"

"Spana na paipu."

Kama hujawahi kuona: unachomeka paipu kwa mkia wa spana ndio iwe ndefu, upate nguvu. Fundi akauliza tena, "Washa uliweka gani?"

"Ile ile ya zamani."

"Kwa nini?"

"Sikupewa mpya. Nikairudisha, ikawa inatoa jasho. Nikaambiwa kaza. Nikakaza, ikatoa tena. Nikaambiwa we huna nguvu, weka paipu." Akanyamaza, halafu akasema maneno ambayo yamekataa kutoka kwa kichwa changu: "Ikivuja ninaulizwa mimi. Nikikaza sana hakuna mtu ananiuliza."

Soma hiyo tena.

Nilikaa darasani muhula mzima tukifundishwa nguvu ya kuzungusha. Ni nguvu ya mkono mara urefu wa spana. Spana ya sentimita 20 ukiifanya 60 kwa paipu, mkono ule ule unakuwa umekaza mara tatu. Nilipata alama nzuri kwa hilo swali. Kile ambacho karatasi ya mtihani haikuuliza ni kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweka paipu kwa nati ndogo inayoingia kwenye aluminiamu. Jibu lilikuwa limekaa juu ya tairi Kawangware na oveloli iliyomzidi: anajilinda. Kwa gereji yake, kuvuja kunaonekana leo na kuna mtu wa kulaumiwa leo. Thredi inayochoka haionekani. Italia wiki tatu baadaye, pengine kwa mkono wa fundi mwingine, na huyo mwingine ndiye atakayebebeshwa. Kwa hivyo kila mmoja anakaza kuliko aliyemtangulia, hadi siku moja inakatika.

Na kumbe shida haikuwa nguvu. Fundi alituonyesha. Nati ya oili haizuii kuvuja kwa thredi zake. Kinachozuia ni washa, ile pete laini ya shaba inayobanwa kati ya nati na ngozi ya giaboksi. Ikibanwa inabonyea na kujaza vile vijishimo vidogo usivyoviona, na hapo ndipo oili inafungiwa. Kazi ya thredi ni kushikilia tu washa ibaki imebanwa. Tena ndani ya giaboksi hakuna presha kubwa ya kupigana nayo, oili imekaa tu hapo chini. Sasa washa ikishatumika inakuwa ngumu na bapa, haina tena cha kujaza. Ukirudisha hiyo hiyo utakaza hadi Yesu arudi, na bado itatoa jasho.

Washa mpya haifiki bei ya soda. Na ukikosa mpya, iko mbinu ya wazee: ishike ile ya shaba kwa koleo, ichome moto hadi iive nyekundu, itumbukize majini. Shaba inarudi kuwa laini. Kijana alitazama hiyo kama mtu anayetazama kiini macho. Mwaka mmoja kwa gereji, hakuna aliyewahi kumwambia.

Sasa tiba. Hapa nitaenda polepole kwa sababu najua wengine wenu mna gari za wazazi zinazolia hivi hivi.

Njia mbaya ziko nyingi na zote ni za bei rahisi. Kuna wanaozungusha ile tepu nyeupe ya mabomba. Kuna wanaojaza gundi ya chuma halafu wanasukuma nati ndani, na siku ya kumwaga oili unaitoa na patasi. Kuna wanaochomelea nati ife pale pale, wakisema oili utaivuta kwa juu na mpira. Kuna wanaolazimisha nati kubwa yenye meno ijichongee njia yenyewe, inaingia imepinda na kumwaga vumbi la chuma ndani ya gia. Zote zinasimamisha tone kwa siku chache, na nyingi zinamwachia fundi wa kesho kazi mbaya kuliko uliyoikuta.

Njia nzuri fundi alizitaja kama nne. Kama thredi zimeumia tu bila kuisha, unazisafisha kwa tapu, kile chombo cha kuchonga thredi za ndani, halafu unaweka washa mpya. Kama kuna thredi nzima ndani ambazo nati fupi haikuzifikia, unatafuta nati ndefu kidogo, lakini unapima kwanza isije ikagusa gia. Kama ngozi ni nene, unapanua tundu na kuchonga thredi kubwa kwa nati kubwa. Ama unaweka thredi mpya za chuma ndani ya aluminiamu: inaweza kuwa koili ya waya kama Helicoil, au bushi, yaani bomba fupi lenye thredi nje na ndani.

Akachagua bushi. Sababu yake ilikuwa nzuri. Bushi ina mwili mpana, kwa hivyo inaishika aluminiamu kwa eneo kubwa kuliko nati ilivyokuwa inaishika. Na kuanzia hapo, kila oili ikibadilishwa, chuma kinazunguka ndani ya chuma. Aluminiamu haiguswi tena. Kwa maneno yake, "Itakuwa na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani." Alipima nati kwa kipimo cha vernia: milimita 16, na kutoka uzi hadi uzi milimita moja na nusu. Akapima unene wa ngozi pale chini akaridhika kwamba bushi ya milimita 22 kwa nje itaingia bila kuiacha nyembamba. Wewe usichukue hizo namba kama amri. Hizi gari zimepita mikononi mwa watu wengi, pima yako.

Bushi ilichongwa na jirani yake mwenye mashine ya kuchonga vyuma, ikawekwa ukingo mdogo kwa nje ili isizame ndani na ili washa ipate pa kukalia. Tukangoja kama saa moja. Mzee alikunywa chai ya mama wa kibandani na kukosoa sukari yake.

Halafu fundi akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Gari ilikuwa imeinuliwa na jeki, na chini ya jeki ubao mpana kwa sababu udongo wa pale ni laini, na kando magogo mazito ya kuishikilia. Usiwahi kuingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata dakika moja. Akaingia chini, akamwita kijana, "Kuja hapa ulale." Akampa riima ya mkono, ile ya kupanua tundu kidogo kidogo, akamwambia azungushe, asisukume. Tundu la zamani lenyewe ndilo linaongoza, ukilazimisha unalipinda. Walikuwa wakipanua kiasi kidogo, wanatoa, wanapima, wanarudi. Ilichukua karibu mchana wote. Nilikuwa na video ya saa mbili ya mikono miwili ikizunguka polepole. Hakuna mtu angeitazama, na ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizorekodi mwaka huu.

Tundu lilipofika milimita 20 na nusu, wakashika tapu. Meno yake yakapakwa grisi ili vumbi linase hapo badala ya kuanguka ndani. Wakatia mafuta ya taa kidogo, aluminiamu inapenda hayo, haing'ang'anii chombo. Mbele nusu mzunguko, nyuma robo, ndio vipande vikatike. Kila baada ya mizunguko michache fundi aliweka mkono wake juu ya wa kijana, akasimama, akaangalia kama tapu imesimama wima. Hakumpigia kelele hata mara moja. Kijana alianza kuuliza mwenyewe: "Nitoe nisafishe? Hapa inatosha?"

"Inatosha?" Hilo ndilo swali. Kwa gereji yake hakuwahi kuliuliza kwa sababu jibu lilikuwa moja tu, kaza.

Kisha usafi. Kijana alichukua sumaku, kwa sababu alikuwa ameona wakubwa wakifanya hivyo, akaipitisha tunduni. Fundi akamwangalia kidogo, akamwekea kipande cha ile springi juu ya sumaku. Kikaanguka. Sumaku haishiki aluminiamu. Vumbi la kazi kama hii ukilitafuta kwa sumaku utasema pako safi na si kweli. Wakamimina dizeli kupitia tundu la juu, wakaikinga chini kwa kitambaa cheupe, wakaangalia. Mara ya kwanza kikang'aa kama kimepakwa glita. Mara ya pili vipande vichache. Mara ya tatu hakuna. Wakamalizia na oili kidogo ya bei rahisi kutoa dizeli, nayo ikamwagwa.

Thredi zikapanguswa kwa petroli zikauke, bushi ikapakwa gundi ya kushikilia thredi, ikazungushwa hadi ukingo ukakaa. Ikaachwa usiku mzima ishike. Sisi tukapanda matatu kurudi, na Mzee usiku huo alilala na simu mkononi akiomba mtu asiugue.

Asubuhi, washa mpya. Fundi alimpa kijana spana fupi na akatupa paipu mbali. Akamwambia azungushe kwa vidole hadi nati iguse, halafu kwa spana asikilize washa ikibanwa, halafu asimame. Kijana akasimama. Akaangalia juu akingoja kuambiwa aongeze. Hakuambiwa. Mahali penye spana ya kupimia nguvu, tumia hiyo na kiwango cha kitabu cha gari yako. Pale haikuwepo, ilikuwepo mikono ya miaka thelathini. Wakachora mstari mweupe kutoka kwa nati hadi kwa giaboksi: mstari ukikatika utajua nati imelegea, na hutahitaji kuishika na kuikaza "kidogo tu". Oili ikajazwa, gari ikiwa imekaa sawa, hadi ikaanza kutoka tundu la juu. Tukaizungusha Kawangware yote, tukarudi, tukaweka karatasi chini. Karatasi ilikaa kavu.

Bushi shilingi 1,200. Kazi 1,800. Oili na washa 1,400. Jumla 4,400, dhidi ya 35,000.

Mzee alilipa. Sasa kuna watu najua watasema, basi kijana ameachiliwa bure. Mimi nakataa. Alitoa siku moja na nusu bila malipo, akalala chini ya gari akatengeneza kitu kile kile alicholaumiwa nacho, na sasa ni mmoja wa vijana wachache wa umri wake Kibera wanaojua kuweka bushi. Ungemtoza 35,000 ungepata nini? Ungepata kijana aliyetoroka, na gereji yenye paipu ile ile ikingoja kijana mwingine.

Na hapa ndio nina shida na vile tunavyoongea kuhusu jua kali. Tunaisifu sana. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya ikawaambia wakubwa kwamba hawa watu wa vibandani ni uchumi, sio usumbufu. Mwaka wa 1992 serikali ikaandika waraka rasmi wa kukuza jua kali. Tangu hapo kila mwanasiasa anajua kutamka "vijana wa jua kali" akiwa na maikrofoni. Sawa. Lakini mwanafunzi wa gereji anajifunzaje? Kwa kutazama na kwa kulaumiwa. Kutazama kunamfundisha mkono unafanya nini. Kulaumiwa kunamfundisha kuficha.

Mtihani wa serikali upo, ile Trade Test ya NITA, kuanzia Grade III hadi Grade I, na mtu aliyejifunzia kazini anaweza kuufanya. Nawahimiza muuangalie. Lakini cheti hakitoi paipu kwa mkono wa mtu kama bosi amesimama nyuma anapiga kelele.

Watu huniuliza kama kuacha chuo kulinisaidia. Sipendi hilo swali kwa sababu wanataka niseme darasa ni upuzi. Darasa sio upuzi. Jioni ile nilimchorea kijana kwenye vumbi kwa nini paipu inazidisha nguvu mara tatu, na akaelewa kwa dakika mbili kitu ambacho hakuna aliyemweleza mwaka mzima. Fundi naye alinionyesha washa, kitu ambacho mihadhara yangu haikukigusa. Ujuzi wetu umegawanywa vipande, kipande kimoja kimefungiwa nyuma ya karo na kingine nyuma ya kelele, na anayeumia ni yule mwenye miaka kumi na tisa aliyekosa vyote viwili.

Najua mtaniambia kuna vijana wazembe kweli. Wapo. Nimewaona, wengine nimewarekodi. Lakini mzembe huacha nati ikiwa legevu. Ukikuta nati imekazwa hadi imekufa, hapo kulikuwa na mtu aliyejitahidi sana. Alijitahidi upande ambao aliambiwa ni salama kwake.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Kama una gari, ukipeleka kubadilisha oili, nunua washa mwenyewe uipeleke, na usisimame juu ya kijana ukimuuliza kila dakika kama amemaliza. Kama una gereji, weka boksi la washa mahali kila mtu anafikia, na siku kijana akikuambia "bosi, hii inavuja na nimeshakaza vya kutosha", mshukuru mbele ya wengine. Na wewe wa spana, uliza "inatosha?" hata kama watakucheka. Bora kicheko cha dakika mbili.

Kijana alirudi gereji ile ile Jumatatu, maana hana nyingine. Bosi wake hajaomba msamaha na sidhani ataomba, lakini ile 35,000 haijatajwa tena. Kijana amejinunulia washa za shaba kumi kwa pesa yake, anazibeba kwa mfuko wa oveloli.

Hebu niambieni hapo chini: kazini kwako, ni kitu gani watu wanakaza kupita kiasi kwa sababu wanaogopa kuulizwa? Sio lazima kiwe nati.